Somo: Jinsi Serikali ya Marekani Inavyodai Gharama za Matibabu kwa Aliyekuumiza

Somo hili linamhusu mtu aliyeumizwa na mwingine nchini Marekani, akatibiwa kwa fedha za serikali, na sasa anadai fidia kwa aliyemuumiza au kwa kampuni yake ya bima.

Mwaka 1944 askari mmoja aligongwa na lori la Standard Oil mjini Los Angeles, na hospitali ikaigharimu serikali dola 123.45. Serikali ilipoishtaki kampuni hiyo, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1947 kwamba ni Bunge, si mahakama, lenye uwezo wa kuunda haki ya kudai gharama kama hizo. Bunge lilitunga sheria ya kuunda haki hiyo mwaka 1962, na tangu hapo hospitali ya jeshi inapokutibu, serikali ina dai lake yenyewe dhidi ya mkosaji. Usipofungua kesi ndani ya miezi sita tangu siku ya kwanza ya matibabu, inaweza kuifungua yenyewe. Medicare (bima ya afya ya serikali kuu, hasa kwa wazee) na Medicaid (mpango wa matibabu kwa wenye kipato kidogo, unaoendeshwa na majimbo) zina sheria zake, na kwa kuwa maswali mengi huhusu Medicare, hatua zifuatazo ni zake.

Hatua ya kwanza ni kutoa taarifa kwa BCRC, kituo kinachoshughulikia urejeshaji wa fedha za Medicare, mara tu unapoanza kudai fidia. Medicare huwa imelipa kwa masharti, yaani imekulipia usikose matibabu, kwa sharti kwamba itarudishiwa fedha zake fidia ikipatikana.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Utapokea barua yenye orodha ya malipo, nayo usome mstari kwa mstari, ukilinganisha tarehe na ugonjwa uliotajwa, kwa sababu aliyevunjika mguu anaweza kukuta humo kipimo cha sukari au ziara ya daktari wa macho isiyohusiana kabisa na ajali. Pinga kila kisichohusika kwa maandishi, ukiambatanisha ushahidi, na usitie saini makubaliano yoyote kabla ya kujua deni limefikia wapi.

Hatua ya tatu ni kutuma maelezo ya fidia uliyopata pamoja na ada ya wakili na gharama za kesi, kwa maana Medicare hubeba sehemu yake ya gharama hizo. Tuseme umepata dola 30,000, wakili na gharama vimekula 12,000, yaani asilimia 40, na Medicare ililipa 10,000: itakudai 6,000. Usipotuma hesabu hiyo, unaweza kudaiwa zaidi ya unachostahili kulipa.

Barua ya mwisho ya madai ikifika, lipa ndani ya siku 60 ili kuepuka riba, ambayo huhesabiwa tangu tarehe ya barua. Una siku 120 za kukata rufaa, lakini rufaa haisimamishi riba.

Maswali ya wanachama

Swali: Mimi niko Medicaid. Je, jimbo linaweza kuchukua fidia yangu yote?
Jibu: Hapana. Katika kesi ya Ahlborn ya mwaka 2006, Arkansas ilidai zaidi ya dola 215,000 katika fidia ya 550,000, ikaruhusiwa kuchukua kiasi kisichozidi 36,000, kwa kuwa haki yake iliishia kwenye sehemu ya fidia inayohusu matibabu. Hata hivyo, mwaka 2022, katika kesi ya Gallardo, Mahakama ya Juu iliiruhusu Florida kugusa pia sehemu ya matibabu ya baadaye, uamuzi ambao kwa maoni yangu unamkandamiza aliyeumia.

Swali: Aliyenigonga hana bima wala mali, na sijapata hata senti. Medicare itanidai mimi?
Jibu: Haitakudai, kwa sababu dai lake hutegemea malipo yanayotoka kwa mhusika mwingine. Angalia tu kama bima ya gari lako mwenyewe inalipia ajali za wasio na bima, maana malipo hayo nayo huhesabiwa.

Swali: Fidia nimeshaitumia kwa kodi ya nyumba. Nifanye nini?
Jibu: Omba msamaha wa deni kwa maandishi, ukionyesha kwamba huna kosa na kwamba kulipa kutakunyima mahitaji ya lazima, na uambatanishe hesabu za mapato na matumizi yako.