Somo: Kuvijua vifupisho vya mitandao kabla ya mtihani wa cheti

Hakuna Mkenya aliyekaa chini na daftari akakariri KRA. Uliijua siku mwajiri alipokudai PIN, na ukaijua zaidi ulipoanza kukimbizana na tarehe 30 Juni. HELB uliijua ulipotafuta karo ya chuo, NTSA ulipotaka leseni. Kila kifupisho kilikuja na shughuli yake na foleni yake, ndiyo maana hadi leo hakijakutoka.

Sasa angalia tunavyosomea mitihani ya mitandao. Mtu yuko kwenye matatu ya Thika Road, mkononi ana karatasi inayoanza AAA, ACL, AP, APIPA, ARP, na anapofika mjini ameshika ishirini. Jioni zimebaki tano. Mimi pia nilianza hivyo. Katika jaribio moja la mazoezi niliulizwa itifaki (yaani kanuni za vifaa kuwasiliana) ya kufuatilia hali ya swichi na ruta, vile vifaa vinavyounganisha mtandao, nikawekewa SMTP, SNMP na SFTP. Zote tatu niliweza kuzitaja neno kwa neno, lakini sikujua ipi hufanya kazi gani. (Jibu ni SNMP; SMTP hutuma barua pepe, SFTP husafirisha mafaili.) Siku hiyo niliiweka karatasi kando nikaanza upya, na njia niliyoifuata ndiyo hii.

Hatua ya 1: Chukua orodha rasmi

CompTIA, shirika linalotoa vyeti vya kompyuta, hutoa bure kwenye tovuti yake waraka wa malengo ya mtihani wake wa mitandao, Network+, na mwishoni mwake kuna orodha ya vifupisho. Hakikisha ni wa toleo la N10-009, lililotoka Juni 2024. Karatasi nyingi zinazozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp ni za N10-008, na huo ulifungwa Desemba 2024. Anayelenga CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, atafute mada za mtihani wake, 200-301, kwa Cisco wenyewe.

Hatua ya 2: Vipange kwa tabaka, achana na alfabeti

Modeli ya OSI, inayogawa kazi za mtandao kwa matabaka, ilichapishwa na shirika la viwango la ISO mwaka 1984 na ina matabaka 7. Kutoka chini kwenda juu herufi zake za kwanza ni P, D, N, T, S, P, A (Physical, Data Link, Network, Transport, Session, Presentation, Application). Watu hukariri sentensi ya Kiingereza inayotaja soseji na piza. Mimi natumia ya jikoni kwetu: Pika Dengu Na Tangawizi, Saga Pilipili, Andaa. Najua Nairobi tunasema ndengu, lakini hapa lazima iwe dengu, la sivyo tabaka la pili litapotea.

Chora ngazi saba kwenye karatasi kubwa, kisha kila kifupisho ukipandishe kwenye ngazi yake. MAC (anwani ya kadi ya mtandao), VLAN na STP zinakaa ya pili. IP (itifaki ya anwani za vifaa kwenye mtandao), ICMP na OSPF ya tatu. TCP na UDP ya nne. DNS (hugeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), DHCP, HTTP, SMTP na SNMP zote ziko juu kabisa. ARP itakusumbua, kwa sababu kazi yake ni kuuliza "nani ana anwani hii ya IP?" ili ijibiwe kwa anwani ya MAC, kwa hiyo mguu mmoja uko ya pili na mwingine ya tatu. Iandike kwenye mstari wenyewe, katikati ya ngazi hizo mbili. Ukikuta kifupisho hujui pa kukiweka, hicho ndicho hujakielewa, hata kama maneno yake unayajua yote.

Hatua ya 3: Kisimulie kwa Kiswahili

Hapa ndipo ninapotaka mtumie muda mwingi kuliko hatua nyingine yoyote. Chukua DHCP. Kitabu kitakuambia hugawa anwani za IP kwa hatua nne: Discover, Offer, Request, Acknowledge. Sasa sikiliza.

Umeshuka Roysambu na begi lako, hujui mtu, unatafuta bedsita. Unasimama barabarani unaita: "Kuna nyumba hapa?" Unaita kwa sauti kwa sababu huna anwani na humjui msimamizi wa ploti yoyote. Hiyo ni Discover, na ndiyo maana inatumwa kwa wote. Msimamizi mmoja anajibu, "Kuna namba 14." Hiyo ni Offer. Wa ploti ya ng'ambo naye huenda akaitikia kuwa ana namba 6. Sasa unaita tena, mbele ya wote: "Nachukua namba 14 ya huyu." Hiyo ni Request. Watu wengi hujiuliza kwa nini Request nayo inatumwa kwa wote ilhali seva imeshajulikana. Ni ili yule wa namba 6 asikie aitoe nyumba yake kwa mwingine. Kisha msimamizi wako anasema, "Haya, ni yako hadi tarehe fulani," anakuonyesha geti la kutokea na mtu wa kumwuliza njia. Hiyo ni Acknowledge: muda wa kupanga, anwani ya ruta, na anwani ya seva ya DNS. Nusu ya muda huo ikifika, kompyuta inarudi kuomba iongezewe.

Na asipoitika mtu yeyote? Kompyuta inajipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254. Hiyo ndiyo APIPA. Inaweza kuzungumza na jirani aliyejipa vivyo hivyo kwenye mtandao uleule, lakini geti haina. Ukiitwa kwenye saiba ya Githurai ukaona 169.254 kwenye skrini, usianze kulaumu intaneti. Seva ya DHCP haijaitika, au kebo haijafika kwake.

Hadithi yako si lazima iwe ya nyumba. Fundi wa magari atasimulia kwa magari, muuza nguo wa Gikomba kwa mitumba. Muhimu ni itoke kwako, na kila hatua ya itifaki ipate mahali pake ndani ya hadithi.

Hatua ya 4: Kione kwa macho

Weka Wireshark, programu ya bure inayoonyesha pakiti zinazopita kwenye mtandao. Ianzishe, kwenye nafasi ya kuchuja andika dhcp. Fungua dirisha la amri la Windows, andika ipconfig /release, kisha ipconfig /renew. Utaona mstari wa Release, halafu ile minne uliyoisimulia. Tazama Discover: imetoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255, yule mgeni asiye na anwani anayeita watu wote. Mistari yote minne ina namba moja ya utambulisho wa mazungumzo. Fungua wa mwisho utafute muda wa kupanga. Mara ya kwanza nilipouona mkataba wangu umeandikwa kwa sekunde, DHCP haikunitoka tena.

Fanya vivyo hivyo kwa DNS ukitumia nslookup. Kwa ARP, andika arp -a uone jedwali la anwani za IP na MAC ambazo kompyuta yako imeshazijua.

Hatua ya 5: Namba za poti, mbilimbili

Poti ni namba ya mlango ambao kila huduma hupitia kwenye kompyuta. Shika isiyo salama pamoja na mrithi wake salama. Telnet 23, SSH 22. HTTP 80, HTTPS 443. LDAP 389, LDAPS 636. IMAP 143, na 993 ikiwa imefichwa. SFTP hutumia 22 kwa sababu inapita juu ya SSH, haina undugu na FTP ya 21.

Hatua ya 6: Rudi kwenye Kiingereza

Mtihani ni wa Kiingereza. Wiki mbili za mwisho soma maswali ya mazoezi kwa Kiingereza, lakini kila jibu lieleze kwanza kwa Kiswahili kabla ya kuchagua. Network+ ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kupita ni 720 kwenye kipimo kinachoishia 900. Ukikwama, weka alama uendelee, utarudi. Kwenye CCNA hurudi nyuma, kwa hiyo jizoeze kuamua na kuachilia.

Maswali ya wanachama wa kikundi

Swali: Mwalimu, habari za jioni. Nimekuta STP mahali pawili, maana tofauti kabisa. Ni makosa ya uchapaji?
Jibu: Si makosa, dada. STP moja ni kebo ya jozi zilizosokotwa na kufunikwa ngao, nyingine ni itifaki inayozuia fremu zisizunguke bila mwisho kati ya swichi. Swali likitaja mwingiliano wa umeme, ni kebo. Likitaja njia zaidi ya moja kati ya swichi, ni itifaki. PDU nayo ina maana mbili, ichunguze.

Swali: Kuna jamaa anauza maswali yenyewe ya mtihani. Nisiyachukue?
Jibu: Usiyachukue, ndugu yangu. Kabla ya kuanza mtihani unakubali masharti yanayokataza jambo hilo, na cheti chaweza kufutwa. Na kwenye usaili utawekwa mbele ya swichi, hapo hakuna A, B, C, D.

Swali: Sina laptopu, nina simu tu. Nitaanzaje?
Jibu: Anza leo. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa mtandao uliounganishwa. Utapata IP, anwani ya ruta, na mara nyingi DNS na MAC. Nakili zote kwenye daftari. Kesho ukiwa kwenye Wi-Fi nyingine, nakili tena, ulinganishe kilichobadilika. Ukiona MAC imebadilika usishangae, simu nyingi siku hizi hutumia MAC ya kubuni kwa kila mtandao. Mambo ya Wireshark fanya saiba Jumamosi, baada ya kumwomba mwenye saiba ruhusa.

Swali: Shida yangu ni BGP na IXP. Nimezisoma mara nne na hazikai.
Jibu: Zinakataa kwa sababu hazina mahali pa kukaa, basi ziweke Nairobi. Kabla ya KIXP, kituo cha Kenya cha kubadilishana data za mitandao, wewe ukiwa kwa mtoa huduma mmoja na mimi kwa mwingine, barua pepe kutoka Westlands kwenda South B ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. KIXP ilianzishwa mwaka 2000, ikafungwa, ikafunguliwa tena 2002, ili watoa huduma wakutane hapahapa na kubadilishana mizigo. Mahali hapo pa kukutania ni IXP. BGP ni lugha wanayoambiana wakikutana: "anwani hizi ziko kwangu, za hawa nazifikia kwa njia hii." Sasa, kwenye dirisha la amri, andika tracert (huonyesha njia ya pakiti) na jina la tovuti iliyo hapa nchini, kisha ya Ulaya, utazame milisekunde zinavyopanda pakiti inapovuka bahari. Weka matokeo yako hapa tuyasome pamoja.