Somo: Kuchagua tepu ya kupimia kwa kazi za nyumbani

Pesa za korosho zikianza kuingia, nyundo husikika kila mtaa hapa Mtwara, kuanzia Chikongola hadi Mikindani. Watu huulizia bei ya bati duka kwa duka, lakini tepu huchukua ile ya kwanza wanayopewa. Naomba msimu huu tusifanye hivyo. Mbao ikishakatwa fupi hairefushwi.

Hatua ya 1: Urefu. Kwa chumba, dirisha, meza na kabati, mita 5 inatosha. Kwa kuezeka au sebule kubwa, chukua mita 7.5 au 8.

Hatua ya 2: Upana. Ukifanya kazi bila msaidizi, hapa usibane pesa. Vuta utepe hewani bila kuushikilia mbele, uone unakunjika ukifika wapi. Mwembamba wa milimita 16 huinama mapema. Wa milimita 25 kwa kawaida hupita mita 2, hata juu ya mlango unafika bila ngazi.

Hatua ya 3: Kulabu ya mbele. Wengi huirudisha tepu dukani wakidai kulabu imelegea. Imelegezwa makusudi! Matundu ya ribiti, vile vipini vinavyoishika kulabu kwenye utepe, ni marefu kidogo ili isogee kiasi cha unene wake, kama milimita 1. Ukiining'iniza kwenye ncha ya ubao na kuvuta, inatoka, na kipimo kinaanzia upande wake wa ndani. Ukiisukuma ukutani inarudi, na kipimo kinaanzia upande wa nje. Anayezigonga ribiti hizo zikaze anaiharibu tepu.

Ijaribu kabla ya kulipa. Chukua kipande cha ubao, ning'iniza kulabu, vuta, soma urefu. Kisha sukuma ubao na kulabu vyote viguse ukuta, usome tena. Vipimo vikitofautiana, iache hiyo.

Hatua ya 4: Alama. Nunua yenye sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, kwa sababu mbao tunaziita mbili kwa nne na bati futi 10, lakini ramani imeandikwa milimita. Angalia pia namba ya Kirumi karibu na mwanzo wa utepe. Ni daraja la usahihi la Ulaya: kwa mita 5, daraja la II linaruhusu kosa la milimita 1.3, daraja la I milimita 0.6. Kwa nyumbani, la II linatosha kabisa.

Hatua ya 5: Loki. Vuta mita moja, funga, tikisa. Ikirudi yenyewe, hapana.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Fundi wangu anasema bati la futi 10 ni sawa na mita 3. Kweli?
— Marahaba mama. Si sawa. Futi 10 ni mita 3.048, kwa hiyo kuna karibu sentimita 5 zinazopotea, na hizo huenda ndizo za kufunika ukingo wa ukuta. Mkubaliane kipimo kimoja, na ikiwezekana mtumie tepu moja kazi nzima.

Kaka, niko Shangani, hewa ya chumvi inakula kila chuma. Nifanyeje?
— Tafuta utepe uliofunikwa nailoni, rangi tupu hukwanguka haraka. Ukimaliza kazi, ufute kwa kitambaa kikavu huku unaurudisha taratibu. Mchanga na maji vikiingia ndani ya kasha, springi haidumu.

Mkanda wa cherehani haufai?
— Kwa mapazia unafaa. Kwa mbao hapana, kitambaa hunyumbuka.

Nina kiwanja Lindi, nataka kuweka msingi. Nipime kwa tepu ya mita 5?
— Usiunge vipande, kila kiungo kinaongeza kosa. Azima tepu ndefu ya faiba, mita 30 au 50. Kona zihakiki hivi: pima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, na mshazari kati ya alama hizo uwe mita 5 kamili. Ukizidi au ukipungua, sogeza kamba kabla hujachimba.