Mnyama wa kubuni aanzie tumboni

Kama mnabuni viumbe kwa pamoja, kila mtu na mnyama wake katika dunia moja ya kufikirika, usianze na pembe wala mabawa. Anza na tumbo: anakula nini, na nani anamla yeye?

Sisi wa Kigoma mwalimu tunaye mlangoni. Ziwa Tanganyika lina samaki anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda, baadhi kushoto, baadhi kulia, kwa kuwa huvizia kwa nyuma na kushambulia ubavu mmoja. Wa kushoto wakizidi, wanaowindwa huwa macho upande unaoshambuliwa sana, na wa kulia ndio wanaoshiba. Yote hayo kwa ajili ya tonge tu!

Kisha ulizia hewa. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini oksijeni huishia kwenye mita 100 hadi 200 za juu. Juzi nilichora dude la kilindini lenye meno kama misumari, mwenzangu akauliza, "Linapumua nini, ndugu yangu?" Nikalipandisha juu, nikalipunguza mwili, sasa linafukuza dagaa usiku.