Somo: Kuiandaa Timu ya Roboti ya Wanafunzi Ishindane kwa Uhakika

Somo hili linawahusu walimu wanaolea timu za FIRST LEGO League, mashindano ya wanafunzi wanaounda na kuprogramu roboti za LEGO, ambako roboti hupewa dakika mbili na nusu kutimiza kazi nyingi kadiri iwezavyo juu ya meza. Timu nyingi hudhani zinashindwa kwa kukosa kazi ngumu, ilhali alama huzipotea katika kazi nyepesi zinazofaulu leo na kukwama kesho.

Hatua ya 1: Wanafunzi wenyewe wasome kanuni. Katika misimu ya karibuni timu huanza na tokeni sita za usahihi, yaani vipande vidogo vyenye alama, na hupoteza moja kila inapoikatiza roboti kwa mkono ikiwa nje ya eneo lake. Hata hivyo, tokeni sita na tokeni tano zina thamani ileile ya alama 50, kwa hiyo kuiokoa roboti mara moja hakupunguzi alama. Timu isiyojua hilo huiacha roboti ikisaga magurudumu kwenye ukuta wa meza huku muda ukiyoyoma.

Hatua ya 2: Kila kazi ijaribiwe mara 10 mfululizo bila kubadilisha chochote, na matokeo yaandikwe daftarini. Ikifaulu mara tisa, ibaki. Ikifaulu mara sita, irekebishwe au iachwe, hata kama alama zake zinavutia. Chanzo cha kuyumba mara nyingi ni programu inayoamuru mota kwa sekunde, kwa sababu betri ikipungua nguvu roboti husafiri umbali mfupi zaidi ndani ya muda uleule. Mota iamuriwe kwa nyuzi (digrii) za mzunguko: gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 5.6 husonga takribani sentimita 17.6 kila linapokamilisha mzunguko mmoja, na mwanafunzi aliyekokotoa hilo mwenyewe haendi tena kwa kubahatisha. Vilevile, roboti iegemeze mgongo ukutani ili ijinyooshe kabla ya safari ndefu, maana kosa dogo la kugeuka hukua kadiri inavyosonga.

Hatua ya 3: Mazoezi yafanywe kwa saa, pamoja na kubadilisha viambatisho, yaani vifaa vinavyofungwa kwenye roboti kwa ajili ya kazi fulani.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Shule yetu haina meza rasmi. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Mwombeni seremala awatengenezee fremu ya mbao yenye nafasi ya ndani ya takribani mita 2.36 kwa 1.14, kisha iwekwe kwenye sakafu iliyo sawa. Kuta ndizo muhimu, kwani roboti huzitegemea kujinyoosha.

Swali: Darasani roboti yetu hufaulu, lakini ukumbini sensa ya rangi hukosea mistari. Kwa nini?

Jibu: Mwanga umebadilika. Pimeni upya thamani za nyeusi na nyeupe kwenye meza ya mazoezi ya ukumbini, kisha futeni vumbi kwenye magurudumu.

Swali: Je, daftari la majaribio lina faida mbele ya majaji?

Jibu: Kubwa sana. Mchezo wa mezani ni sehemu moja tu kati ya nne zenye uzito sawa, na usanifu wa roboti ni nyingine. Mtoto anayefungua ukurasa na kuonyesha jaribio lililofeli mara nne, kisha akaeleza alichobadilisha, anawapa majaji ushahidi wanaoutafuta.