SOMO: Jinsi ya kujua kama muvi ni sinema kweli au ni igizo la jukwaani (au la TV) lililowekewa kamera

Wakuu, ule ubishi wa "hii sio muvi hii, ni tamthilia" hauishi, so leo tupime kwa mfano mmoja, 12 Angry Men ya 1957. Raia 12 wa jury (raia wa kawaida wanaoamua kesi mahakamani) wamefungiwa chumbani waamue kama dogo kamuua baba yake, karibu muvi yote iko humo humo, na stori yenyewe Reginald Rose aliiandikia TV, kituo cha TV cha Marekani CBS wakairusha laivu 1954. Yaani kama kuna muvi ilitakiwa itoe harufu ya TV basi ni hii.

HATUA YA 1: Usihesabu location. Watu wengi wanakwama hapa, wakiona sebule moja tu wanahukumu.

HATUA YA 2: Zima sauti dakika kama tano hivi. Ukibaki unaona midomo tu inacheza, hapo kazi yote inafanywa na maneno, ni jukwaa hilo. Ila kama bado unajua nani kakasirika, nani anaanza kulegea, nani katengwa, basi picha nayo inaongea.

HATUA YA 3, na hapa ndo penyewe: fuatilia kamera imekaa wapi. Ukiwa ukumbini umekaa siti moja mpaka pazia lifungwe, huwezi ukahama. Sasa mwongozaji Sidney Lumet (na huyu katokea TV na jukwaani kabisa) mwanzoni kamera kaiweka juu kidogo ya macho ya watu na lenzi pana (inayochukua eneo kubwa), chumba unakiona kina hewa, katikati akaishusha usawa wa macho, mwishoni ikawa chini yao na lenzi ndefu (inayovuta vitu karibu), dari inaanza kuonekana, kuta kama zinasogea, unatoka jasho na wewe wakati chumba ni kile kile. Hicho kitu jukwaani hukipati hata ulipe siti ya mbele.

HATUA YA 4: Angalia wanakata picha vipi. TV ya zamani kioo kidogo, kwa hiyo ni klozap (sura tu imejaa kioo) ya anayeongea, klozap ya anayejibu, basi. Ndo maana bongo muvi nyingi za enzi za Part 1 na Part 2 zilikaa kiTV, waigizaji kibao walitoka vikundi vya maigizo ya TV kama Kaole, akina Kanumba na Ray, wakaja na mazoea yao. Sio tusi, walikuza soko wale.

MASWALI YA MEMBAZ

Swali: Mkuu, na Fences ya Denzel ya 2016 je? Mi nililala.
Jibu: Hahaha pole. Ile kwangu ni jukwaa, ni tamthilia ya August Wilson na Denzel na Viola Davis walishaicheza Broadway (majukwaa makubwa ya New York) 2010, mimaneno haijapunguzwa kivile. Ila ile sini Viola analia mpaka kamasi zinamtoka, mtu wa siti ya nyuma ukumbini angeziona wapi?

Swali: Kwa hiyo shoti ndefu isiyokatwa ni jukwaa moja kwa moja?
Jibu: Hapana. Rope ya mwongozaji Hitchcock (1948) ina shoti zinafika kama dakika kumi, ndo mwisho wa mkanda kwenye kamera ya wakati ule, na imetoka kwenye tamthilia pia. Lakini kuta za seti walizifanya za kusogezwa ili kamera ipite, wewe mtazamaji unatembezwa humo ndani. Mi naona ilikuwa ni mbwembwe zaidi, ila jukwaa sio.

Swali: Sisi wa kuangalia kwenye simu si kila kitu kinakuwa TV tu?
Jibu: Kiasi, ndio, mambo ya lenzi hapo yanakupita. Rudi kwenye 12 Angry Men, piga skrinshoti moja mwanzoni wakiwa mezani na nyingine karibu na mwisho, ziweke pamoja uangalie dari.