Land Rover ya jeshi iliyo juu ya mawe: kuikagua, kuinunua na kuiamsha

Wengi wakiikuta Land Rover ya jeshi kwenye yadi ya mnada hukimbilia kufungua boneti. Hapo ni pa mwisho. Injini iliyokwama hufufuliwa au hubadilishwa, na mafundi wanaoijua bado wapo, Arusha ndio usiseme. Kinachomfilisi mnunuzi ni karatasi, chesisi na umeme. Maelezo haya ni ya Series III (1971 hadi 1985), ile ya 88 na ya 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), zenye injini ya petroli ya cc 2286.

1. Karatasi kabla ya spana

Mali ya serikali hunadiwa "kama ilivyo na mahali ilipo". Nyundo ikishagonga, kila ubovu ni wako. Hakikisha unaondoka na stakabadhi ya malipo na hati ya mauzo iliyoandikwa namba ya chesisi. Namba ya JW, ile ya jeshi, haiji na gari. Utalisajili upya TRA (mamlaka ya mapato Tanzania) kwa namba ya kiraia, na hapo tarakimu moja ikipishana kati ya karatasi na chuma, umekwama.

Kwenye Series III namba imegongwa mbele kulia, kwenye kishikio cha springi. Sugua kwa brashi ya waya, paka chaki, piga picha. Ukiona mikwaruzo ya grainda hapo, aga salama. Anayekuuzia akiwa si taasisi bali mtu aliyelipata mnadani, dai karatasi zake za mnada pia. Uliza habari ya ushuru: gari lililoingizwa kwa msamaha hudaiwa ushuru likienda kwa asiye na msamaha huo, na deni hilo halionekani kwa macho.

2. Volti 12 au 24?

Baadhi zilitengenezwa kubeba redio, na hizo hutumia volti 24: betri mbili zilizounganishwa mfululizo, alteneta kubwa, distribyuta iliyofungiwa ndani ya kopo, nyaya za plagi zikiwa zimevikwa neli za chuma ili cheche zisiingilie redio. Plagi zake si hizi za dukani. Ukiamua kuigeuza iwe volti 12, hesabu stata, alteneta, koili, distribyuta kamili, nyaya na plagi za kawaida, mota ya waipa, geji na balbu zote. Iliyokamilika ni afadhali uiache na volti zake. Iliyokwisha kunyofolewa nusu, igeuze yote. Mchanganyiko wa 12 na 24 ndio unaounguza waya.

3. Chesisi: tumia muda wako hapa

Bodi ni ya aluminiamu, ndiyo maana gari huonekana zima kwa mbali. Chesisi na ule ukuta wa mbele unaoshika dashibodi na bawaba za milango ni chuma, navyo huoza kutoka ndani kuja nje. Bomba la mraba hukusanya matope, matope hushika maji. Gari lililokaa pwani lina na chumvi juu yake.

Lala chini ukiwa na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga kila sentimita 10. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa mlio mfu na bisibisi hupenya. Usiruke boriti ya mwisho nyuma, mikono inayotoka pembeni kushika bodi, vishikio vya springi, na pembe za chini za ule ukuta karibu na miguu ya dereva. Lami mbichi iliyopakwa chini ya gari bovu haikupakwa kwa mapenzi: ikwangue. Kiraka juu ya kiraka kina maana chuma cha katikati kimekwisha.

Kisha pima mshazari, kishikio cha springi cha mbele kushoto hadi cha nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita 6 hivi, chesisi imepinda, huenda ilipinduka. Boriti ya nyuma na mikono hubadilishwa. Bomba kuu likioza katikati, hilo ni gari la spea. Litolee bei ya spea.

4. Injini iliyokwama

Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Tafuta gasketi ya silinda hedi au mpasuko. Weka gia huru na ujaribu kuzungusha kwa hendeli. Ikigoma, legeza stata kwanza. Meno yake yakinasa kwenye flaiwili injini hukaza kabisa, na watu wamefungua injini nzima kwa kosa la boliti za stata.

Bado imekaza? Toa plagi zote, fungua kava la roka uone kama kuna valvu iliyoganda chini. Mimina kila silinda mililita 25 za oili ya gia otomatiki iliyochanganywa nusu kwa nusu na asetoni. Ongeza kila siku, subiri angalau siku tatu, halafu itikise kwa hendeli mbele na nyuma, taratibu. Usiivute kwa gari jingine ikiwa kwenye gia. Ringi zilizoshikwa na kutu huvunjika na vijiti vya kusukuma valvu hupinda, na injini iliyokuwa ya kusafishwa inakuwa ya kununuliwa.

5. Kuivuta nyumbani

Gia huru, na ule wenzo wenye kichwa chekundu (wa transifa, boksi la pili la gia) uwe katikati. Kama gia boksi haina oili, fungua propela shafti. Breki zihesabu hazipo, kwa hiyo libebe kwa lori au livute kwa baa ya chuma, siyo kamba.

6. Kuiamsha

Matenki mara nyingi ni mawili, chini ya viti vya mbele. Yamwage yote, petroli ya zamani hugeuka gundi. Kwa majaribio ning'iniza kidumu cha petroli safi juu ya karubareta. Karubareta ya Zenith 36 IV ikitoa moshi mweusi, kagua mfuniko wake kama umepinda na ile ringi ndogo ya mpira ndani yake.

Uwazi wa poinsi uwe milimita 0.35 hadi 0.40, wa tapeti 0.25. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ya mbele, rota inazunguka kinyume cha saa. Oili mpya: injini lita 6, gia boksi 1.5, transifa 2.5, difu ya mbele 1.75, ya nyuma ya 109 aina ya Salisbury 2.5, zote hizo isipokuwa injini ni oili ya gia EP90. Zungusha stata plagi zikiwa nje mpaka taa ya oili izime, ndipo uzirudishe na kuwasha.

Injini ikinguruma lakini gia zinakataa kuingia, sahani ya klachi imeshikana na flaiwili kwa kutu. Breki usizijaribu bahati: badilisha masta silinda na silinda za magurudumu zote, nne kwenye 88 na sita kwenye 109, pamoja na mipira. Ondoa rangi na alama za jeshi kabla ya kulipeleka gari kukaguliwa.