Laptopu inayorudi fundi kila mara: ifungulie kadi kama ya kliniki

Jamani naandika hii kwa yeyote ambaye laptopu yake bado ina waranti ila kila ikitengenezwa inarudi na ugonjwa ule ule. Yangu ilitoka hapa Tanga kwenda kwa mafundi wa kampuni Dar mara 3 ndani ya miezi 5, mara ya kwanza wakabadilisha mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), ikakaa wiki 3 ikaanza tena kujizima, mara ya pili wakaniandikia haina tatizo. Nililia kwa kweli, maana kazi yangu yote iko humo. Mara ya tatu ndo nikajua namna ya kwenda nao.

Kwanza hakikisha waranti ipo. Angalia namba ya siriali kwenye stika ya chini, iingize kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, utaona inaisha lini na kama inakubalika Tanzania, maana nyingine zinahudumiwa nchi ziliponunuliwa tu. Zile used za kutoka Dubai au Uingereza nyingi waranti ya kiwandani ilishaisha, kinachobaki ni ahadi ya mwenye duka. Na risiti ya EFD ipige picha siku hiyo hiyo, ile karatasi inafutika, baada ya miezi kadhaa unabaki na kikaratasi cheupe.

Pili, ondoa sababu za nyumbani kabla hujapiga kastoma kea, kwa sababu watakuuliza tu. Umeme ukikatika chomoa chaja, usisubiri urudi, unaporudi unaweza kuja na nguvu ukaunguza vitu. Tumia soketi yenye ethi (waya wa ardhini), ukigusa bodi ya chuma ya laptopu ukahisi kama kitu kinatekenya mkono ujue chaja haipati ethi vizuri. Na sisi wa karibu na bahari, Raskazone huko na kwingine, upepo wa chumvi unakula sehemu za chuma ndani ya laptopu, usiiache dirishani usiku kucha. Jaribu kwa jirani, na chaja nyingine ya aina ile ile. Ikizima na huko, basi ugonjwa ni wa laptopu.

Sasa kadi yenyewe, hapa ndo pa kukaza. Chukua daftari, kila ikizingua andika tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, ilikuwa kwenye chaja au betri, feni ilikuwa inalia au imenyamaza, na uchukue video kwa simu. Ukimwambia fundi "inajizima" hajapata kitu, ila ukimwambia "inajizima baada ya dakika 20 ikiwa kwenye chaja, feni inasimama kwanza" umempa pa kuanzia. Tatizo la kuja na kuondoka ndo linalotesa watu, kwa sababu fundi anaiwasha kwenye chumba cha kiyoyozi, umeme umetulia, anaiangalia dakika 10, iko sawa, anaandika haina tatizo na wala hajadanganya. Kwako kuna joto la Tanga na programu 5 zimefunguka. Kwa hiyo omba kwa maandishi waiache ikifanya kazi nzito ikiwa kwenye chaja kwa saa kadhaa, na video uwatumie.

Kila ukiongea nao kwa simu, tuma imeili fupi baadae: leo tumeongea hiki, mmeahidi kile, namba ya kesi ni hii. Ikirudi na ugonjwa ule ule taja namba zote za zamani, usikubali ihesabiwe tatizo jipya. Uliza wamebadilisha kifaa gani na waandike kwenye jobu kadi, ile karatasi ya kazi ya fundi. Ikifika mara ya tatu usiombe tena kutengenezewa, omba wakupe nyingine, kwa heshima lakini bila kuzunguka, na omba kuongea na msimamizi. Wakikataa, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji, na hilo daftari ndo ushahidi wako. Mimi sikufika huko, daftari na video zilitosha, nikapewa nyingine.

Kabla ya kuituma, kopi mafaili yako yote, maana diski ikibadilishwa hayarudi. Halafu kama una Windows angalia BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga mafaili ya diski: mazabodi ikibadilishwa inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48, usipokuwa nao hata mafaili yaliyomo huyaoni. Mara nyingi ufunguo huo unakuwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, uandike kwenye karatasi. Mafundi wetu wa Ngamiani ni wazuri na nawaamini, ila waranti ikiwa hai usiwape waifungue, kampuni inaweza kukataa kwa sababu hiyo tu.

Ukiituma kwa basi piga picha pande zote na chaja yake, ifunge vizuri na nguo au sponji. Ikirudi, usiondoke stendi ya Kange hujaiwasha. Kagua bawaba, skrini, kibodi, chomeka chaja uone inachaji, linganisha na picha zako, ukiona ufa mpya piga picha pale pale ukiwa na aliyekukabidhi mzigo.